Mtoto alale mchana ndo alale usiku: vile nampanga mwanangu hapa Majengo, Mombasa

Nianze na kosa langu mwenyewe, maanake najua wengi mko hapo hapo nilipokuwa mimi. Mwanangu wa kwanza nlimkesha mchana. Mavyaa wangu alisema mtoto akilala mchana usiku atatukesha sisi, nami nlikuwa mgeni wa ulezi basi nkasikiza, kila mtoto akifunga macho twamtekenya, twamrusha juu, twamtoa barazani aangalie tuktuk zikipita, ikifika saa 12 jioni ni kulia tu, titi hashiki, kubebwa hataki, kuwekwa chini ndo kabisa, kisha alale saa 4 usiku na saa 6 ashaamka yuwalia kama aliyefinywa. Tulienda hivo miezi mitatu. Mimi nakaanga mahamri ya kuuza, naamka saa 10 alfajiri, siku moja nkatia chumvi mahali pa sukari kwa usingizi, wateja wakanirudishia sahani nzima.

Wa pili ana miezi 5 na nusu sasa na huyu nimempanga vingine kabisa. Jambo ni moja, ukilishika mengine yanafuata: mtoto mdogo akichoka kupita kiasi halali zaidi, analala vibaya zaidi. Ule wakati unamuona saa 3 usiku anacheka cheka, anarusha miguu, macho yamemtoka, nawe wasema huyu hana usingizi, shoga yangu usingizi anao, umemruka tu.

Na kama wako hajatimiza miezi 2 usijitese na ratiba yoyote. Tumbo lake dogo, anaamka kila saa 2 au 3 kunyonya mchana na usiku, na mwili wake haujajua bado mchana ni upi na usiku ni upi, hiyo inaanza kukaa sawa kuanzia miezi 2 mpaka 4 hivi. Wewe kama uko ndani ya arubaini yako kunywa uji wako wa pilipili manga, lala akilala, nepi wacha wafue wengine. Haya yangu ni ya kuanzia miezi 3 kwenda mbele.

Hatua ya 1, andika siku 3 kwanza. Kwa simu ama nyuma ya daftari la madeni kama mimi. Usibadilishe kitu siku hizo, andika tu saa aliyofungua macho, saa aliyonyonya, saa aliyolala na alilala wapi, kitandani, mgongoni ama kwenye matatu. Mimi nlikuwa naapa mwanangu halali kabisa, nkajumlisha nkapata masaa 13! Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 0 hadi 3 anahitaji masaa 14 mpaka 17 kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 masaa 12 mpaka 16, hapo mchana na usiku umeshajumlishwa. Kwa hivo wangu hakuwa amepungukiwa sana, tatizo usingizi wenyewe ulikuwa umekatwa katwa kama kachumbari.

Hatua ya 2 ndo yenyewe, ukichoka kusoma soma hii peke yake. Achana na saa ya ukutani, hesabu tangu alipofungua macho. Mtoto wa mwezi mmoja hawezi kukaa macho zaidi ya saa 1 hivi, tena hapo ndani ni pamoja na kunyonya na kubadilishwa daipa. Wa miezi 2 hadi 3 ni saa 1 mpaka saa 1 na nusu. Wa miezi 4 na 5 ni saa 1 na nusu mpaka 2 na kitu. Wa miezi 6 hadi 8 anafika masaa 2 mpaka 3, na akikaribia mwaka ni masaa 3 mpaka 4. Hizi si sheria, kuna mtoto anachoka mapema na kuna mwingine mkaidi kama babake, lakini zinakupa pa kuanzia, kisha unamtazama mwenyewe. Dalili za mwanzo ni ndogo ndogo, anaacha kukuangalia usoni anaangalia mbali, anatulia ghafla, nyusi zinakuwa nyekundu kidogo kama ni mweupe, anavuta sikio, anapiga mwayo. Ukiona mwayo usiseme wacha nimalize kuosha vyombo, mchukue hapo hapo. Akishafika kufikicha macho na kujinyonganyonga umebakisha dakika chache, na kulia ndo dalili ya mwisho kabisa, ukingoja alie ushachelewa na sasa utambembeleza nusu saa kwa kazi ambayo ingekuwa ya dakika 5.

Nlipoanza hivi mavyaa alininunia wiki nzima, ati namlaza mtoto kama mgonjwa.

Hatua ya 3, asubuhi. Mtoto aamke karibu wakati ule ule kila siku, mimi wangu ni saa 12 na nusu, ikipita saa 1 bado amelala namuamsha polepole. Adhana ya alfajiri ikimshtua karibu saa 11 hiyo si asubuhi yake, namnyonyesha gizani bila kumsemesha na anarudi. Lakini ikifika saa yake ya kuamka fungua dirisha, toa pazia, mtoe uani ama barazani apate mwanga, si jua la kuchoma, mwanga tu wa asubuhi. Mwili wa mtoto unajifunza mchana kwa mwanga na usiku kwa giza, na hapa kwetu tuna bahati maanake tuko karibu na ikweta, jua latoka na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Wenzetu Ulaya wakati wa kiangazi wanamlaza mtoto na jua bado liko juu, wanahangaika na mapazia meusi.

Hatua ya 4, usingizi wa mchana, na hapa ntakaa kidogo maanake Mombasa ina mambo yake.

La kwanza ni joto. Kuanzia Januari mpaka Machi ile kaskazi ikishika, chumba cha mabati mchana ni tanuri, hata mtu mzima halali. Mtoto avae fulana nyembamba ya pamba na daipa, basi. Hizo soksi na kofia na sweta ndani ya nyumba ni mazoea tu, mtu akikwambia mtoto atashikwa na baridi mwambie asante na umvue akiondoka. Kujua kama ana joto usishike mikono wala miguu, hiyo huwa ya baridi kila wakati, weka vidole nyuma ya shingo ama kifuani, ukikuta jasho mpunguzie. Feni ni sawa, tena nzuri, ila ielekeze ukutani ama juu upepo uzunguke, usimpulizie usoni. Na ule mvumo wake unafunika kelele za bodaboda, ndo maana stima ikipotea mtoto anaamka saa ile ile, hajashtushwa na joto bado, ameshtushwa na kimya. Mimi stima ikienda nafungua mlango wa uani na wa mbele hewa ipite ukumbini, namlaza hapo kwenye godoro lake dogo na neti yake.

Kumuogesha maji ya uvuguvugu kabla ya usingizi wa saa sita kunasaidia sana msimu huo. Poda usimpake, akiivuta kifuani si nzuri.

La pili ni urefu. Watoto wa chini ya miezi 5 wengi wanalala dakika 30 mpaka 45 mchana wanafungua macho, hiyo ni kawaida, mzunguko mmoja wa usingizi wao unaisha hapo karibu. Usimrukie. Subiri dakika 2 au 3, wengine wanajigeuza wanarudi, ama mpige pige kifuani polepole kwa mkono bila kumuinua. Akirudi vizuri, asiporudi mtoe, hesabu upya tangu alipofungua macho na uendelee na siku yako, usikae chumbani saa nzima unabishana na mtoto wa miezi minne.

La tatu ni mahali. Watu wataniuliza na mgongoni je? Mgongoni na leso ni sawa kabisa, mama zetu wametulea hivo, angalia tu pua na mdomo viko wazi na kidevu hakijabonyea kifuani, wala usimfunge hivo ukiwa kwenye karai la mafuta. Akilala kwenye matatu ama mkikaa foleni ya feri Likoni basi kalala, hesabu. Ila kwa siku jitahidi apate angalau usingizi mmoja amelala chini kitandani kwake, ule wa kati ya asubuhi na adhuhuri ndo mrefu na ndo rahisi kumzoesha.

La nne, usingizi wa mwisho wa mchana usivuke saa 11 jioni. Huo tu ndo wa kumuamsha.

Siku yangu mimi kwa huyu wa miezi 5 na nusu inaenda hivi, na si kila siku, mnisikie vizuri, siku 4 kwa wiki nashukuru: saa 12 na nusu anaamka, saa 2 na robo analala mpaka saa 3 na robo (hapo namalizia mahamri na mbaazi), saa 5 na robo analala tena mpaka saa 7, saa 9 na robo mpaka saa 10 na robo, kisha yuko macho mpaka alale usiku saa 1. Kama ule wa mwisho umekuwa mfupi siku hiyo simsukumi afike saa 1, namlaza saa 12 na nusu jioni. Mapema! Mtoto aliyelala vibaya mchana ndo analazwa mapema, si kuchelewa.

Hatua ya 5, jioni. Hapa wazee walituachia kazi nusu imeshafanywa. Si tumelelewa tukiambiwa magharibi watoto waingie ndani? Basi tumia hiyo hiyo. Adhana ya magharibi ikiadhiniwa mimi ndo saa yangu, baraza imeisha, nafunga dirisha la mbele kabla mbu hawajaingia, nazima ile taa nyeupe ya ukumbini nabakisha ya kona, televisheni sauti chini na mtoto haioni. Kisha mpangilio ule ule kila siku, kwa zamu ile ile, usiruke: maji ya uvuguvugu, daipa safi, nguo nyepesi, titi chumbani na taa hafifu, kumbeulisha begani, wimbo mmoja tu (wangu ni wa kujitungia, una maneno matatu), dua, neti, basi. Dakika 30 zatosha, ikifika saa nzima mtoto anachangamka upya. Na kama wako akioga ndo anaamka akili kabisa, kuna wa hivo, muogeshe saa 11 na jioni umpanguse tu kwa kitambaa.

Kuhusu kumlaza, kuanzia miezi 4 hivi jaribu kumuweka kitandani macho yakiwa mazito lakini hajazama. Sababu yake ni hii, mtoto akilala na titi mdomoni ama akibebwa, halafu saa 6 usiku anashtuka kidogo kama sote tunavoshtuka, anajikuta mahali pengine na kitu hakipo mdomoni, anapiga ukelele. Ungekuwa wewe umelala kitandani ukaamka uko jikoni si ungepiga kelele pia? Lakini sikuambii umwache alie mpaka akauke, mimi siwezi na nyumba yetu ya vyumba sita na majirani wote ukuta mmoja haiwezekani. Mweke, mkono kifuani kwake, shhh shhh, akizidi mbebe atulie mrudishe. Siku ya kwanza nlimrudisha mara 9, ya pili mara 6, wiki ya pili akawa analala na mkono tu. Na siku nyingine nimechoka ananyonya mpaka analala na dunia haijaisha.

Usiku akiamka kunyonya mnyonyeshe, mtoto wa chini ya miezi 6 ni haki yake, na maji usimpe, hata kwa joto hili, maziwa yako yana maji ya kumtosha mpaka atimize miezi 6. Taa usiwashe, usimsemeshe, daipa kama ni mkojo kidogo wacha mpaka asubuhi. Na kabla ya kumuinua subiri kidogo, watoto wanaguna, wanakoroma, wanajikunja wakiwa usingizini, mimi wa kwanza nlikuwa namuamsha mwenyewe nikidhani ameamka.

Hatua ya 6, watu wa nyumbani. Hii ngumu kuliko mtoto. Baba watoto anaendesha tuktuk anarudi saa 3 usiku, na mapenzi yake yote kwa mtoto yanaanza hapo, anainua neti ati nimbusu tu, dakika 2 mtoto macho kodo na yeye anaenda kula. Tuligombana, sitaficha. Tukakubaliana asubuhi ni yake, saa 12 na nusu mpaka mtoto alale tena ni yeye na mwanawe barazani nami nauza, na kwa kweli sasa ananipunguzia kazi kubwa. Wageni nao, sema tu kalala, aliyekuja kumuona mtoto aje saa 4 asubuhi. Harusi za usiku utachagua mwenyewe, mimi naenda moja kwa mwezi nikijua kesho yake nitalipa. Ramadhani nyumba yote inageuka, watu macho mpaka daku, sufuria zinalia saa 9 usiku, lakini mtoto hafungi, ratiba yake iwache pale pale, mpeleke chumba cha nyuma na feni.

Kuna mambo hayana mjadala na haya nayasema kwa sauti. Mtoto alazwe chali, mchana na usiku, kila mara, mpaka mwaka, akianza kujigeuza mwenyewe sawa ila wewe mweke chali. Godoro gumu lililolala sawa, bila mto, hata ule mto mdogo wa kumtengeneza kichwa, bila blanketi zito, bila midoli. Kamba shingoni toa, hirizi kama lazima iwekeni mahali pengine chumbani, si shingoni mwa mtoto anayelala. Neti ichomekwe vizuri chini ya godoro isining'inie. Kama ulikuwa unamfunga kwa leso mikono ndani, siku anaanza kujaribu kujigeuza acha. Udi na ubani fukiza mapema mtoto hayumo, chumba kipate hewa ndo aingie, na ile dawa ya mbu ya kuchoma isiwe chumbani anapolala, wala sigara. Alale chumba kimoja nanyi, ila pahali pake mwenyewe ndo salama zaidi, najua wengi twalala nao kitanda kimoja, basi angalau usilale naye kama mmoja wenu anavuta sigara au amekunywa dawa ya kusinzisha, na kwenye kochi usilale naye kamwe. Na jamani dawa ya mafua ya kumfanya mtoto alale msimpe, najua inafanywa kimya kimya, kuna watoto wanashindwa kupumua kwayo.

Kliniki upeleke lini? Chini ya miezi 3 akiwa na joto la nyuzi 38 na zaidi usingoje asubuhi, nenda hospitali. Pia akilala kiasi cha kutoamka kunyonya, akilowesha nepi chini ya 6 kwa siku, akikoroma na kukatika pumzi, ama uzito kwenye kile kitabu cha kliniki haupandi. Siku za chanjo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ratiba itavurugika, wacha ivurugike, mbebe.

Na ikivurugika kwa meno, kwa safari ama kwa sababu ametimiza miezi 4 na ghafla anaamka kila saa (huo umri usingizi wenyewe unabadilika, si kosa lako), usianze vitu vipya, rudi kwenye hatua ya 2 na jioni yako ile ile kwa siku 5 au 6. Usingizi wa tatu wa mchana ataacha mwenyewe miezi 7 mpaka 9, utajua maanake atakataa siku nyingi mfululizo, si siku moja. Kutoka miwili kwenda mmoja ni kati ya mwaka na mwezi hadi mwaka na nusu, na huko sitawadanganya, yule wangu wa kwanza aliacha wote miwili kwa pamoja Jumatatu moja, akaanza kulala tena Alhamisi akiwa ameshika hamri mkononi.